Kutuliza chumba cha stirio katika nyumba ya matofali

Miongozo mingi ya kutuliza chumba cha muziki imeandikwa na watu ambao kuta zao ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa jipsamu. Besi ikiugonga ukuta wa namna hiyo, ukuta hutikisika, na sehemu ya nguvu ya besi hupotelea humo au hutokea upande wa pili. Ukuta wetu ni tofali la saruji la inchi 6, plasta ndani na nje, na mara nyingi rangi ya mafuta juu yake. Huo hautikisiki. Besi inayoupiga inarudi karibu yote, inagonga wa pili, inarudi tena. Ongeza sakafu ya vigae na dirisha la kioo la kusukuma, na una chumba kinachohitaji mpango wake chenyewe: kazi kubwa iko kwenye besi na kwenye kona, na sponji nyembamba karibu haina nafasi.

Nililipia somo hili. Chumba changu hapa Dar es Salaam kina urefu wa m 4.2, upana m 3.6 na kimo m 2.8. Mara ya kwanza nilinunua sponji za pembepembe zenye unene wa sm 2.5 nikazibandika karibu kuta zote. Trebo, yaani sauti za juu, ilikufa. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kwenye rekodi za taarab ilipoteza ule mlio wa nyuzi zake, sauti za waimbaji zikawa kama zinatoka chini ya blanketi, na besi ikabaki ikivuma vilevile. Niliibandua sponji yote nikaanza upya kwa utaratibu ninaoueleza hapa.

Kabla ya kuanza, tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya sana. Kutuliza chumba ni kupunguza sauti zinazorudi kutoka kwenye kuta, ili wewe uliye ndani usikie vizuri. Kuzuia sauti isimfikie jirani ni kazi nyingine kabisa. Inadai uzito na kuziba mianya. Paneli zote za mwongozo huu, yaani fremu zilizojazwa pamba ya kufyonza sauti, hazitamsaidia jirani yako kulala.

Hatua ya 1: Kijue chumba chako

Toa futi ya fundi, pima urefu, upana na kimo, andika. Kisha piga kofi moja kali ukiwa katikati. Ukisikia "trrrr" inayokimbia, hiyo ni sauti inayoruka kati ya kuta mbili zinazotazamana, mfano wa kioo na kioo. Tembea ukipiga makofi na utaweka alama mahali inapozidi. Mara nyingi ni kati ya kuta mbili ndefu zisizo na kitu, au kati ya vigae vya sakafuni na dari.

Sasa hesabu ya besi, ambayo ni rahisi kuliko inavyosikika. Chukua 345, ambayo ni takriban mita ambazo sauti husafiri kwa sekunde moja, gawanya kwa mara mbili ya kipimo cha chumba. Kwangu urefu unatoa Hz 41 (mitikisiko 41 kwa sekunde), upana Hz 48 na kimo Hz 62. Hizo ndizo noti ambazo chumba chenyewe huzivumisha, pamoja na marudufu yake: 82, 96, 124 na kuendelea. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa Hz 41 hivi. Maana yake kila mpiga besi akigusa uzi ule, chumba changu kilikuwa kinaongeza sauti yake bila kuombwa, na noti iliyofuata ilisikika nyembamba. Nilidhani tatizo ni spika.

Jaribu mwenyewe. Pakua programu ya simu inayotoa toni, iunganishe na amplifaya, weka noti ya chumba chako na utembee polepole kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Kwa noti ya kwanza, sauti itakuwa kubwa kutani na karibu itoweke katikati ya chumba. Kama spika zako ni ndogo na hazishuki hadi huko, tumia rudufu ya pili: hiyo itakuwa kubwa kutani na katikati, na itapungua kwenye robo ya kwanza na ya tatu. Weka sauti ya wastani tu, toni mfululizo inaweza kuunguza koili ya spika.

Hesabu ya pili ni ya mwangwi, na ina historia nzuri. Mwaka 1895 Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa ukumbi wa mihadhara wa jumba la Fogg ambao maneno hayakusikika kwa sababu ya mwangwi. Usiku, kukiwa kimya, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders Theatre, akaipanga ndani ya ukumbi mbaya na kupima kwa filimbi ya kinanda na sikio lake mwangwi unachukua muda gani kuisha. Kila mito ilipoongezeka, muda ulipungua kwa mpangilio uliohesabika. Kutoka hapo tukapata kanuni: muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji. Na kipimo chake cha ufyonzaji kilikuwa dirisha lililo wazi. Mita 1 ya mraba ya dirisha wazi huondoka na sauti yote inayopita hapo.

Chumba changu kina ujazo wa m³ 42.3 na eneo la kuta, dari na sakafu la m² 74 hivi. Plasta na vigae hufyonza kama asilimia 4 tu ya sauti za kati, kwa hiyo chumba kizima kikiwa kitupu ni sawa na dirisha la m² 3. Weka kwenye kanuni: sekunde 2.3. Huo ni mwangwi wa ukumbi, ndani ya chumba cha kulala. Kwa muziki wa stirio katika chumba kidogo tunataka sekunde 0.3 hadi 0.5. Nikilenga 0.4 nahitaji ufyonzaji wa m² 17. Sofa, zulia, pazia zito na watu wawili watatu watatoa sehemu, na paneli zitatoa zilizobaki. Kanuni hii inapungukiwa usahihi kwenye vyumba vidogo, hasa kwenye besi, lakini inatosha kukuonyesha kama unahitaji paneli 4 au 14.

Hatua ya 2: Hamisha vitu kabla ya kununua chochote

Hatua hii haina gharama na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Nimeona watu wakitumia pesa nyingi kurekebisha kwa paneli kitu ambacho kiti kusogezwa nusu mita kingekimaliza.

Weka spika kwenye ukuta mfupi, zikitazama urefu wa chumba. Hakikisha umbali wa spika ya kushoto hadi ukuta wa kushoto ni sawa na wa kulia hadi ukuta wa kulia. Kama upande mmoja una dirisha na mwingine ukuta mtupu, usijali sasa, tutalishughulikia kwa pazia. Wewe kaa mbali na katikati ya urefu, kwa sababu ile noti ya kwanza hufa pale, na mbali na ukuta wa nyuma, kwa sababu hapo besi zote zinajazana. Mahali pazuri pa kuanzia ni asilimia 38 ya urefu kutoka ukuta wa nyuma. Kwangu ni m 1.6.

Spika na kichwa chako ziunde pembe tatu yenye pande zinazokaribiana. Mimi uso wa spika uko sm 55 kutoka ukuta wa mbele, kati ya spika na spika ni m 2.1, na kutoka kila spika hadi sikio langu ni m 2.3. Twita, ile spika ndogo ya trebo, iwe kimo cha sikio ukiwa umekaa. Kwa kiti cha kawaida ni kama m 1.1. Stendi ikikosekana, tofali mbili za saruji zilizofunikwa kitambaa zinafaa kuliko meza ya tivii, ambayo uso wake wenyewe hurudisha sauti.

Umbali wa spika na ukuta wa mbele una siri yake. Besi huzunguka nyuma ya spika, hugonga ukuta na kurudi ikiwa imechelewa. Pale inapochelewa nusu wimbi, inapambana na ile inayotoka mbele na zinauana. Noti inayokufa ni 345 gawanya kwa mara nne ya umbali huo. Kwa sm 55 ni Hz 157. Kwa mita 1 ni Hz 86. Ndiyo maana kusogeza spika sm 20 tu kunaweza kurudisha uzito wa sauti ya mwimbaji wa kiume ambao ulikuwa umepotea. Usiache umbali wa ukuta wa mbele ukalingana na wa pembeni au na kimo cha spika kutoka sakafuni, maana mashimo yatapangana mahali pamoja.

Toa siku tatu kwa hatua hii. Weka selotepu ya karatasi sakafuni kila unapopapenda ili uweze kurudi.

Neno kwa walio kwenye nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe: upana wa chumba cha zamani ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko, hivyo vyumba vingi ni virefu na vyembamba, chini ya mita 3. Upana ukikaribiana na kimo, noti zao zinapandiana na mvumo unakuwa mkali karibu na Hz 60. Kwenu kona za dari na ukuta ni muhimu kuliko kwetu.

Hatua ya 3: Tengeneza paneli zinazofanya kazi

Kitu kinachofyonza sauti ni kile ambacho hewa inapita ndani yake kwa shida kidogo. Hewa inatikisika ndani ya nyuzi, inasuguana nazo, nguvu ya sauti inageuka joto dogo mno. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni mdomo wako: puliza. Pumzi isipopita, kitu hicho kinarudisha sauti. Ile povu nyeupe inayokuja na friji haifyonzi. Trei za mayai hazifyonzi kitu cha maana, japo zimebandikwa kwenye studio nyingi za mitaani. Ni karatasi nyembamba, zinapunguza trebo kidogo tu.

Unene ndio unaoamua besi. Hewa iliyogusana na ukuta haisogei; inasogea zaidi robo ya wimbi kutoka ukutani. Kwa Hz 860 robo hiyo ni sm 10. Kwa Hz 100 ni sm 86. Sasa unaona kwa nini sponji ya sm 2.5 iligusa trebo yangu peke yake. Paneli ya sm 10 hufanya kazi chini kidogo ya hapo pia, na ukiiacha nafasi ya sm 10 kati yake na ukuta, inashuka zaidi kana kwamba umeongeza unene. Nafasi ni hewa, na hewa ni bure. Itumie kila unapoweza.

Ninayoipendekeza ni rokiwuli, pamba ya mawe inayotumika kuzuia joto kwenye maboila na matanuri ya viwandani. Tafuta ya vipande vigumu, uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo, kwa kawaida sm 60 kwa 120 na unene wa sm 5. Vipande viwili ni paneli moja. Haiungui, mchwa hawaili. Inawasha ngozi na vumbi lake linakera koo, kwa hiyo vaa barakoa, glavu na mikono mirefu, na kata nje ya nyumba kwa kisu cha mkate.

Isipopatikana, godoro la sponji la zamani lenye unene wa sm 10 au 15 linafyonza vizuri, ilimradi pumzi ipite. Pwani tuna pia sufi. Godoro la sufi lililoshonwa vishono vya kupitiliza ni kifyonzaji kizuri kweli, na bila vishono hivyo sufi hushuka yote chini na kuacha juu patupu. Lakini sponji na sufi zote zinashika moto haraka, na moshi wa sponji ni sumu. Usiziweke karibu na soketi wala amplifaya, na kama nyumbani kwako huwashwa ubani, chetezo kikae chumba kingine.

Fremu ni kazi ya dakika chache kwa seremala: mbao za moja kwa nne, sm 60 kwa 120 ndani, mgongo wazi, waya mbili au kamba ya katani nyuma kuzuia pamba isitoke. Funika kwanza kwa kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi, kisha kitambaa cha nje.

Kwa cha nje sijapata kinachozidi khanga. Pamba yake ni nyepesi na pumzi inapita. Ifue kwanza itoke ule ugumu wa dukani, kisha ivute na kuipiga stepla nyuma ya fremu, ukianzia katikati ya kila upande na kumalizia kwenye kona. Doti moja hutosha paneli mbili, kwa kubana. Kitenge chenye nta hukataa pumzi mara nyingi, kijaribu kabla ya kununua. Ukiilaza paneli kwa ubavu, unaweza kusogeza kitambaa hadi jina la khanga liingie usoni na kusomeka. Chagua jina kwa makini, litakuwa linakutazama kila jioni.

Hatua ya 4: Kona kwanza

Noti zote za chumba hukutana kwenye kona. Ukitaka kuhakikisha, weka sikio kwenye kona ya sakafu besi ikipigwa. Hapo ndipo paneli za kwanza kabisa ziende, kabla ya kuta.

Simamisha paneli ya sm 60 ikikatiza kona, mithili ya mtu anayefunga pembe kwa ubao, iguse ukuta huu na ule. Nyuma yake itabaki pembe tatu ya hewa inayofika sm 30 pale katikati. Tumia unene wa sm 15 ukiweza, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, yaani paneli mbili kwa kila kona. Kona mbili za nyuma ya spika zianze, kisha mbili za nyuma yako. Mlango huwa umekaa kwenye kona moja. Hapo funga kona tatu, na ya nne uitafute juu: makutano ya ukuta wa nyuma na dari ni kona halali, nayo ni ndefu kuliko hizi za wima.

Kwa mpangaji, hakuna haja ya kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Paneli za kona hujisimamia zenyewe zikifungiwa miguu ya mbao, na ukihama unaondoka nazo.

Niseme ukweli kuhusu kiasi. Wimbi la Hz 41 lina urefu wa m 8.4, na hakuna pamba ya unene huu itakayolimaliza. Kona nne zilipunguza mvumo wangu wa 82 na 96 kwa namna iliyosikika siku ileile, noti za besi zikaanza kuachana badala ya kuburuzana. Ule wa 41 ulipungua kidogo tu, na uliobaki niliutatua kwa kiti. Kama dari yako ni jipsamu iliyoning'inizwa chini ya mapaa, shukuru: ubao ule na hewa iliyo juu yake hutikisika na kula besi fulani, jambo ambalo dari ya zege haifanyi. Kabati kubwa la plaiwudi lililojaa nguo nalo husaidia kwa njia hiyohiyo. Liache chumbani.

Hatua ya 5: Kioo ukutani

Kaa kwenye kiti. Mwambie mtu ashike kioo cha kujitazamia, akilaze kwenye ukuta wa pembeni kwa kimo cha sikio lako na kukisogeza taratibu. Pale utakapoiona twita ya spika ya upande huo ndani ya kioo, weka alama. Sauti hurudi kwa pembe ileile ya mwanga, kwa hiyo hapo ndipo inaporukia kukujia. Kwangu ilikuwa m 1.15 kutoka ukuta wa mbele. Sauti inayopita hapo husafiri karibu mita 1 zaidi ya ile inayokuja moja kwa moja, hivyo inafika milisekunde 2.8 baadaye. Sikio halitambui muda mfupi hivyo kama mwangwi. Linazichanganya zote mbili, na mahali pa kila chombo jukwaani panakuwa na ukungu.

Weka paneli ya sm 10, katikati yake ikiwa kwenye alama, ikiachana na ukuta kwa sm 5 hadi 10. Skrubu mbili na plagi za ukutani zinatosha, na tumia pimamaji, paneli iliyoinama inaudhi macho kila siku. Fanya hivyo upande wa pili kwa kipimo kilekile. Kisha tafuta pia mahali unapoiona spika ya upande wa mbali. Paneli ikiwa pana inaweza kubeba sehemu zote mbili.

Matokeo ya hatua hii ndiyo yanayofurahisha kuliko yote. Udi unakaa kushoto na kubaki kushoto, fidla zinatawanyika nyuma yake, na mwimbaji anasimama katikati pasipo na spika.

Kama upande mmoja ni dirisha, tundika pazia zito lenye upana mara mbili ya dirisha ili likunjike, liachane na kioo kwa sm 10. Haliwezi kulingana na paneli, hasa chini ya sauti za kati. Kwa hiyo mimi nina paneli moja inayosimama kwa miguu yake, naisogeza mbele ya dirisha ninapokaa kusikiliza na kuirudisha pembeni nikimaliza. Dirisha likiwa wazi kabisa, bila shaka, unakumbuka kipimo cha Sabine.

Sakafuni, zulia nene kati yako na spika. Mkeka haufanyi kitu. Zulia hufyonza trebo tu, na kwa sababu hiyo lisifunike chumba chote.

Darini kanuni ni ileile ya kioo, nusu ya njia kati yako na spika. Tatizo letu ni pangaboi, ambalo limekaa palepale au karibu. Usitundike kitu chochote ambacho mapanga yanaweza kukigusa, na usifunge paneli chini yake. Kwangu niliondoa pangaboi nikafunga feni ya ukutani nyuma, kisha paneli mbili za sm 60 kwa 120 zikaning'inia sm 10 chini ya dari. Kazi hiyo ilitoka vizuri, lakini kama joto la chumba chako halikuruhusu, acha dari. Sauti ya dari huchelewa milisekunde 5 na hushuka kutoka juu, haiharibu picha ya kushoto na kulia kama ya kuta za pembeni. Hakikisha fundi anafunga ndoano kwenye mbao za juu, si kwenye jipsamu tupu.

Hatua ya 6: Ukuta wa nyuma yako

Mita 1.6 hadi ukuta wa nyuma ni safari ya m 3.2 kwenda na kurudi, milisekunde 9. Kwenye chumba kirefu zaidi ningesema weka kabati la vitabu lililopangwa bila kulingana, vingine ndani vingine nje, litawanye sauti badala ya kuiua. Vitawanyaji vya kitaalamu vyenye visima vya vina tofauti vilitokana na hesabu za Manfred Schroeder, Mjerumani, katika miaka ya 1970, na vinapendeza kusikiliza, lakini vinataka umbali wa mita 2 au zaidi hadi kwenye kichwa chako ili sauti ichanganyike. Karibu zaidi ya hapo, fyonza. Paneli nne nene zikiwa zimejipanga katikati ya ukuta, kimo cha kichwa, na nafasi ya hewa nyuma yake. Mbavu mbili za ukuta huo niliziacha tupu.

Ukuta wa mbele, kati ya spika, paneli mbili zinatosha. Tivii kubwa ikiwa hapo, ifunike kwa blanketi ukisikiliza na utashangaa jinsi sauti ya katikati inavyojikusanya.

Hatua ya 7: Sikiliza, pima, jua pa kuishia

Usifunge vyote kwa siku moja. Ongeza jozi, sikiliza rekodi tatu unazozijua kwa moyo kwa siku mbili, kisha jozi nyingine. Ukiwa na kompyuta, programu ya Room EQ Wizard ni ya bure, na maikrofoni ya kupimia ya USB inakamilisha. Weka maikrofoni palipo kichwa chako, zima feni, endesha toni inayopanda mfululizo kutoka Hz 20 hadi 20,000. Tazama mchoro wa besi chini ya 200 na ule unaoonyesha kila noti inachukua muda gani kufa. Kilele kinachochukua muda mrefu ndicho kinachostahili paneli inayofuata. Shimo jembamba la besi huwa halizibwi na paneli, na kuliongezea nguvu kwa ikwalaiza ni kuichosha amplifaya bure, sogeza kiti.

Dalili ya kuzidisha ni hii: unaongea chumbani na sauti yako inaonekana kubanwa puani, upatu na matoazi hayang'ai, na unajikuta unapandisha sauti bila sababu. Ondoa paneli nyembamba zaidi, au funika uso wa paneli chache za kona kwa karatasi nene ya khaki: karatasi itarudisha trebo na besi itaendelea kupita na kumezwa. Mimi niliishia na paneli 16, nane zikiwa za kona, na nusu ya eneo la kuta bado ni plasta.

Masika yakianza, kagua migongo. Ukuta wa nje hutoa unyevu, na paneli iliyobanwa ukutani huota ukungu upande usioonekana. Hiyo ni sababu nyingine ya kuacha ile nafasi ya hewa. Shusha kila paneli, pangusa ukuta, inusishe pua. Za sufi na sponji zianike juani asubuhi nzima kabla ya kuzirudisha. Khanga ivuliwe ikafuliwe kila baada ya miezi kadhaa, maana vumbi la barabarani huziba vitundu na pumzi ikakoma kupita.